Ndiyo, kwetu tunafunga kwa waya

Nimeanza kuandika maoni haya ya mteja mara tatu, na mara zote nimeishia kutukana na kufuta. Leo ngozi ya vidole imeshaota, naweza kubonyeza simu bila kuuma meno, basi ngoja nijaribu tena. Nikiteleza ulimi mnisamehe.

Duka silitaji jina. Liko London, inatosha. Nilinunua vitu viwili siku moja: usukani wa baiskeli ya mbio za uwanjani na glavu. Ilikuwa baridi inaishaishia, mwaka juzi au mwanzoni mwa mwaka jana, risiti yenyewe wino umefutika.

Kwa asiyeujua mchezo: Lee Valley, ule uwanja wa baiskeli wa Olimpiki ya 2012 kule Stratford, ni mzunguko wa mbao wa mita 250. Msonobari wa Siberia mtupu. Kwenye kona mbao zinainuka hadi digrii 42, ukisimama chini ukatazama juu unaona ukuta, unajiuliza nani mwenye akili zake atapanda pale. Baiskeli haina breki. Haina gia za kubadilisha. Hata kule kuacha kupiga pedali ukajiachia kwenye mteremko hakupo, maana gurudumu la nyuma limeshikana na pedali moja kwa moja: likizunguka, na miguu inazunguka, upende usipende. Sasa mtu wa namna hiyo kimebaki nini cha kushika? Usukani. Basi.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Nimekulia juu ya Finiksi, nimebeba magunia ya mpunga, nimebeba mbuzi, nimempeleka bibi kliniki amekaa upande kwenye keria. Baiskeli hainitishi. Pale Lee Valley wana ngazi nne za kufuzu, nikazipita zote kwa baiskeli ya kukodi, nikasema sasa ninunue vya kwangu. Fremu nilipata kwa mtu, ya aluminiamu, na stemu yake, kile kipande kinachobana usukani, ikiwa imeshafungwa. Shikilieni hiyo stemu, tutairudia.

Usukani niliutaka wa chuma, wa Kijapani, wa aina ile ya mbio za keirin. Wajapani wanakimbiza keirin na kuzibetia tangu 1948 na mpaka leo baiskeli zao nyingi ni za chuma, kwa hiyo mtu asiniambie chuma ni cha kizamani. Umbo lake ndilo lililonivuta: mabega yake yanashuka kuanzia katikati, ili ukisimama kwenye pedali na kuvuta kwa nguvu zote, kigasha kisigonge bomba. Mwenzangu mmoja alinishauri nichukue mwembamba kabisa, ndiyo mtindo siku hizi, unabana mabega upepo usikukamate. Kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakati ule zilitaka usipungue milimita 350 kutoka nje hadi nje. Nikachukua 380. Nina mabega ya kubebea magunia, siwezi kuyakunja.

Nikampa kijana wa duka usukani, nikamwambia nina stemu ya kubana bomba lenye unene wa milimita 26. Akautazama, akautazama tena, akasema huu katikati ni 25.4, lakini usijali, ni kitu kilekile, utakaza tu. Nikamuuliza mara mbili. Naapa mara mbili. Akacheka kile kicheko cha mtu anayejibu swali la mtoto. "Ni sehemu sita kati ya kumi za milimita," akasema, "hata huzioni."

Halafu glavu. Nilitaka za vidole vizima. Akasema hizo ni za kuendeshea barabarani kwenye baridi, mle ndani watu wanatoka jasho. Hapo hakudanganya: uwanja wanaupasha joto makusudi, hewa ya moto ni nyepesi na baiskeli inapita kwa urahisi. Akanipa za nusu kidole zenye jeli nene kiganjani, nene kama sponji ya kuoshea vyombo. Kadiri inavyokuwa nene, akasema, ndivyo inavyolinda. Nikazivaa, nikafunga ngumi hewani, nikaona safi. Ujinga wangu wa kwanza huo. Glavu haijaribiwi hewani. Inajaribiwa umeshika bomba, umelibana hasa, halafu unasikilizia kama kiganja kinakunjamana. Zile zilikunjamana vibaya. Nilikuja kugundua nyumbani, nimeshakata lebo.

Nikafunga usukani mwenyewe. Nikakaza bolti hadi midomo ya stemu ikagusana. Ewe unayesoma, ukiona midomo ya stemu imegusana, simama hapohapo. Maana yake bolti imeshamaliza kazi yake, na hata ukaning'inie kwenye spana ya alenki hukazi bomba tena, unakaza chuma na chuma mwenzake. Bomba lenyewe liko mle linapumua.

Mizunguko ya kupasha misuli ilikwenda vizuri. Tena nisiwe mnafiki, ilikwenda vizuri mno, nikajiona Mjapani. Kisha tukaanza kujifunza kuondoka kutoka kusimama: mtu anakushikilia tandiko, unahesabiwa, unavuta usukani kana kwamba unang'oa muhogo. Mvuto wa kwanza nikasikia "kriik". Hafifu. Kwa mikono mitupu ningeihisi kiganjani, maana chuma kinaongea. Lakini nina sponji. Jeli ikameza lile neno.

Mvuto wa pili nikatoka kama risasi, nikaingia kona ya kwanza, kona ya pili natoka nimesimama bado nasukuma, na usukani wote ukainama mbele. Haukukatika. Uliinama tu, taratibu, kama mtu anayesema shikamoo. Uzito wangu ukaufuata.

Unajua kinachokuja kichwani wakati huo? Mimi alinijia Alex Porter, yule Mwaustralia wa Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, usukani ulimkatikia katikati ya mbio za timu akatua na uso. Nikageuza uso. Nikatanguliza viganja. Nikateremka kwa viganja na paja kutoka juu hadi kwenye ule mkanda wa bluu chini kabisa, mbao zinapiga kelele chini yangu, na harufu ya kitu kinachoungua, ambacho kilikuwa ni mimi.

Nilipolala pale kitu cha kwanza nilipapasa miguu, natafuta mbao. Manchester 2011 kipande cha mbao cha uwanja kilimwingia Azizulhasni Awang wa Malaysia kwenye shavu la mguu kikatokea upande wa pili, na bado yule bwana alipanda baiskeli akamaliza wa tatu. Mimi sikuwa na mbao hata moja. Nilikuwa na ncha tatu za vidole vya kulia zisizo na ngozi. Shahada, cha kati, cha pete. Vilevile nilivyotaka kuvivalisha glavu nzima.

Wanaokula kwa uma hawataelewa ninachosema sasa. Wiki tatu nimekula ugali kwa uma. Mke wangu anapika, anaweka, halafu anageuka dirishani ili asinione. Mkono wa kushoto siwezi, mama yangu angejua hata akiwa Shinyanga. Huwezi kumega ugali kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, nimejaribu, tonge linatoka kama kinyesi cha mbuzi. Samahani kwa wanaokula.

Nikarudi dukani, mkono umefungwa bandeji kama mwanasesere. Nimebeba usukani na stemu kwenye mfuko. Sikwenda kugombana. Nilikwenda kumwonyesha midomo ya stemu ilivyogusana, ajifunze, asimuue mtu. Kijana akachukua, akageuzageuza, akamwambia mteja mwingine aliyekuwa pembeni, siyo mimi, yule mwingine: "Huyu amekaza kupita kipimo." Nikamkumbusha maneno yake. Sehemu sita za milimita. Hata huzioni. Akasema hakusema. Nikamwambia ulisema, umesimama hapohapo, umeshika kikombe cha kahawa chenye picha ya mbwa. Akasema basi, na akatabasamu, "kwani huko kwenu si mnafunga kwa waya tu?"

Nyie.

Ndiyo, tunafunga kwa waya. Tunafunga kwa waya na kwa mpira wa tyubu uliokatwa vipande, tunazungusha mara sita saba, tunavuta kwa meno, tunapandisha gunia, tunapandisha na mama mwenye mtoto mgongoni, na usukani haujawahi kunisalimia. Hilo ndilo lililotakiwa kunitoka. Halikunitoka. Nilisema "asante" nikaondoka. Asante! Mpaka leo nikipiga mswaki nalijibu lile neno upya, na kila asubuhi jibu linakuwa zuri zaidi, na hakuna wa kumpa.

Nyota moja. Nilikuwa nimeshaiandika. Kisha nikampigia mjomba.

Mjomba wangu ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko karibu na stendi tangu sijazaliwa. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mjomba wangu, mkono vipi?" Nikamsimulia yote, namsubiri anisaidie kukasirika. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Ulizungusha uzi?" Nikamwambia uzi gani. "Uzi, mjomba. Unauzungusha kwenye bomba pale pa kubania mara moja, unaunyoosha kwenye rula. Halafu unalinganisha na ule wa zamani uliokuwa unakaa humo. Usukani niliokufundisha hivyo ulikuwa wa nani, si wa kwako?" Nikasema yule kijana ndiye muuzaji, ndiye anayepaswa kupima. Mjomba akasema, "Na kichwa kilichokuwa kinaanguka kilikuwa cha kwake?"

Nilikata simu kwa kisingizio cha chaji. Nikamkasirikia mzee wa watu siku mbili nzima. Siku ya tatu nikachukua uzi wa kushonea. Bomba la 25.4 likatoa karibu milimita 80. Usukani wa 26 niliouazima kwa mwenzangu ukakaribia 82. Milimita mbili za uzi, zinaonekana kwa macho ya mtu aliyeamka usiku kwenda chooni. Kama kitu hukioni kwenye unene, kizungushie uzi, utakiona.

Kwa hiyo kosa ni langu? Nusu. Sitaki kuzidi nusu. Mimi niliuliza mara mbili, na anayeuza ndiye anayejua, vinginevyo tununue kwa wauza nyanya. Lakini robo nyingine naikubali kwa ajili ya mjomba, isimfikie tu.

Sasa glavu. Hizi zinaniumiza kichwa. Nilitaka kuziponda mpaka mwisho, na bado nasema jeli nene ni upuuzi: inaziba masikio ya kiganja, inakunjamana, ukishika dakika kumi kidole kidogo kinakufa ganzi. Na nusu kidole ni nusu akili. Lakini juzi nimezitoa kwenye kabati, nikazigeuza. Kiganja cha kulia kimelika jeli yote, kimebaki kitambaa cha ndani, chembamba unaona mwanga. Upande wa pili wa kile kitambaa kulikuwa na kiganja changu. Kiganja changu kizima, hakina hata mchubuko. Mita ngapi zile nimeteleza? Kumi? Ningekuwa na zile nyembamba za ngozi ninazowasifia watu, sijui.

Nimezinunua nyembamba za ngozi hata hivyo, za vidole vizima, kwingine. Nimezijaribu nimeshika bomba, nimelibana mpaka wauzaji wakaanza kunitazama. Nzuri sana. Chuma kinaongea. Za jeli nimezishona kiganja kwa kipande cha kiti cha ngozi, nazivaa siku za kujifunza kuondoka. Basi glavu nyota tatu. Au nne. Tatu.

Usukani wenyewe hauna kosa lolote, nauomba radhi. Nimeutafutia stemu ya 25.4, midomo imeachana vizuri, hauinami hata kwa ndovu. Nyota tano na zaidi.

Duka: nilikuwa na moja, nikashuka sifuri, kisha wiki iliyopita mwenye duka, siyo yule kijana, akaniandikia. Kaandika vizuri, kaomba radhi, kanipa vocha ya pauni kumi. Mke wangu akasema ichane. Nilikuwa naichana. Lakini usukani wangu ulikuwa hauna vizibo vya mwisho, na bomba lililo wazi ukiliangukia linakukata duara kama kopo la kukatia maandazi, na vizibo ni pauni tisa. Nikaenda nimenyoosha shingo. Kijana alikuwepo, hakunikumbuka.

Nimefika nyumbani. Kizibo cha kushoto kimeingia. Cha kulia hakiingii.