Tahadhari: Yule "Ami wa Makaratasi" wa Hapa Columbus Si Wakili, Msimpelekee Waume Zenu

Nimeandika haya nikayafuta mara tatu. Kila nikifika pale pa halua naona haya, nafuta yote. Leo sifuti. Nimeliwa, nimekuwa kichekesho, basi. Lakini juzi nimesikia kuna dada wa Westerville kamkabidhi yule mtu pasipoti ya mumewe, na tangu hapo usingizi umenipaa.

Jina simtaji, nimeshauriwa ningoje malalamiko yafike yanakotakiwa kufika. Mnamjua lakini, yule anayewajazia watu makaratasi ya uhamiaji. Nyuma ya duka la viungo na udi, miwani ya kamba shingoni, hakosi hitma wala arusi, na watoto wote humwita Ami. Masaibu ya mume wangu, Baba Nasra, aliyekwama Kenya asiweze kurudi huku, nayo mnayajua, sina nguvu ya kuyaanza upya.

Nianze na ile Jumamosi. Desemba 2024, nje theluji. Saa saba mchana ananipigia, sauti ya chini kama mtu aliye msikitini: "Dada'ngu, kuna barua imeingia. Ndoo na mtoto." Nikaja mbio mpaka viatu vimelowa. Barua iko mezani, bahasha nyeupe yenye kidirisha, na juu yake kaweka tasbihi yake. Hakuifungua. Akanimiminia kahawa. Akaniuliza hali ya mama, sukari yake imeshuka? Akamuuliza Nasra babake anaitwa nani, mtoto akasema, akacheka naye. Mimi mkono unatetemeka, kahawa yote iko kwenye kisahani, nyingine imemwagikia makaratasi yake. Ndipo akavaa miwani, akachukua kisu kidogo cha kukatia ndimu, akaipasua ile bahasha polepole, ukingo hadi ukingo. Karatasi ikatoka na nembo ya tai wa Marekani juu, rangi ya buluu, imekaa sawasawa kabisa.

Akasoma Kiingereza kwanza, neno baada ya neno, kama kadhi anayesoma hukumu. Halafu akavua miwani, akanitazama. "Wamekubali, dada'ngu. Weva imetoka. Mpigie mumeo." Weva ndiyo ule msamaha wa kukaa bila karatasi, tuliokuwa tukiungoja.

Nikampigia, nikaweka spika. Alikuwa akimsaidia jirani kuhama, nikasikia sanduku linawekwa chini. Kisha nikamsikia analia. Mwanamume ambaye babake alizikwa yeye yuko huku, hakuweza kwenda, na hata siku ile hakulia mbele yangu. Na yule mtu naye, ndugu zangu, akatoa kitambaa akafuta machozi, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni. Kile kitambaa nakiona mpaka leo.

Nikatoka nikaenda mbele dukani nikamnunulia ratili mbili za halua. Mimi. Kwa pesa zangu. Nikaazima na sahani nimpelekee kiheshima.

Mtaniuliza, na mume wangu mwenyewe kaniuliza: hukuona? Sasa ningeonea wapi? Mtu alisoma Yasini kwenye hitma ya mjomba. Alimjazia bi mkubwa wa ghorofa ya juu fomu za uraia na uraia ukatoka (zile hata mimi naweza kuzijaza, hilo nimelijua sasa). Anazungumza Kimvita cha watu wa Kibokoni, akanitajia nyumba yetu ilikuwa mlango wa ngapi kutoka kwa muuza mahamri. Wakili wa kweli niliyempigia mwanzo alitaka dola 6,000, na alipoanza kuniuliza habari za "ekstrimu hadishipu" nilijihisi niko mtihanini. Ami alinieleza kwa maneno ya nyumbani: uthibitishe kuwa mumeo akiwekwa mbali, wewe raia ndiye utakayeumia, tena kuumia kupita kule kwa kawaida kwa watu waliotenganishwa. Basi.

Na hilo ni kweli! Ndiyo ubaya wake, nusu ya maneno yake ni kweli. Ni kweli kuna sheria ya 1996 inayomfungia nje miaka 10 mtu aliyekaa hapa bila karatasi mwaka mmoja au zaidi kisha akatoka, na miaka 3 kwa aliyepitisha siku 180. Ni kweli ipo fomu ya kuombea msamaha huo kabla hujasafiri, inaitwa I-601A. Ni kweli ada ya serikali ilikuwa dola 795, alinigeuzia kompyuta nikaisoma mwenyewe kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji. Nani angeuliza zaidi ya hapo? Nikamhesabia 795 taslimu, na 1,800 zake, na baadaye 1,200 za "mwendo wa haraka". Jumla 3,795, bila nauli ya ndege. Nilikuwa nafanya zamu mbili za usiku kuzitafuta.

Na ile barua ya kueleza shida. Siku mbili nilikaa nayo jikoni baada ya kumlaza mtoto. Niliandika mama anavyosafishwa damu mara tatu kwa wiki na ni nani humpeleka. Pumu ya Nasra. Mkopo wa shule ya uuguzi. Operesheni yangu, ambayo wengi wenu mnasoma hapa ndiyo kwanza mnajua. Akaipitia, akasema, "Iko laini hii, nitaikaza." Niliiona tena baadaye, imekazwa kweli: nina ugonjwa wa moyo, nimejaribu kujiua mara mbili. Sijawahi, wallahi sijawahi. Chini ni sahihi yangu, kwa kuwa alinisainisha karatasi tupu "tuokoe muda". Na ukurasa wa tatu umeandikwa siwezi kuishi bila mume wangu Miguel.

Miguel! Kuna mwanamke wa watu mahali fulani ambaye naye alikaa jikoni kwake siku mbili.

Baba Nasra akaondoka Januari 2025. Wiki tatu, alisema Ami, ni mahojiano tu, anarudi na viza mkononi. Akashuka Mombasa, akamwona mamake baada ya karibu miaka saba, akazuru kaburi, akapanda treni ya usiku. Saa moja asubuhi yuko Gigiri, Nairobi, getini kwa ubalozi wa Marekani, kavaa suti ya nikaha, faili kwapani. Mlinzi akapitisha kidole kwenye orodha. Akarudia kutoka juu. "Mzee, jina lako halipo." Akamtolea ile barua ya miadi. Mlinzi akaisoma pande zote mbili, akamrudishia, akamwambia taratibu, "Hii haikutoka kwetu." Akasimama ng'ambo ya barabara mpaka saa nane, akidhani labda ni makosa ya orodha, watamwita.

Ami nilipompigia alisema mtandao wao uko chini. Siku ya pili alisema tusubiri Jumatatu. Wiki ya pili hakushika.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kupasuka. Nilikwenda kwa wakili wa shirika la msaada, msichana mdogo tu. Akaniuliza maswali mawili. Mumeo aliingiaje Marekani? Kwa viza ya matembezi, 2018, akagongewa muhuri uwanja wa ndege, muda ukampita akiwa hapa. Na wewe umekuwa raia lini? 2021, mwaka mmoja kabla ya ndoa. Akaweka kalamu chini. Akaniambia mumeo hakuhitaji weva. Mkewe raia, mwenyewe aliingia kwa viza kupitia mlango wa mbele, angeomba grinkadi akiwa papa hapa Columbus, I-130 (ombi langu mimi mke) na I-485 (ombi lake la grinkadi) pamoja, hata kama muda ulimpita. Weva ile ni ya mtu ambaye lazima atoke nje kwenda kuchukua viza. Yeye hakuwa na haja ya kutoka. Kutoka ndiko kulikomfungia miaka 10.

Nilitapika. Kwenye pipa lake la karatasi, akanishikia mtandio.

Kwa hiyo sasa ndiyo tunahitaji weva ya kweli. Si ile yenye A, hiyo ni ya aliye ndani ya Marekani. Ni I-601 yenyewe, dola 1,050, na haiombwi mpaka I-130 ikubaliwe (ambayo yule mtu hakuipeleka kabisa, hakupeleka chochote), kisha mahojiano Nairobi, kisha akataliwe, ndipo tuombe. Msichana akanambia nishukuru kwamba ile barua ya Miguel haikufika popote, kwa sababu uongo kwenye maombi humfungia mhamiaji nje kivyake, na huko hakuhesabiwi kwa miaka, ni kwa maisha. Nimeshukuru. Mtoto hubusu kioo cha simu kila jioni mpaka kina ukungu, nami nashukuru.

Nataka afungwe. Sitaki arudishe pesa, au arudishe pesa halafu afungwe. Nataka asimamishwe mbele ya watu wote siku ya Idi aseme aliwapeleka wangapi getini Gigiri. Wamenijia wazee wawili kuniambia nimsitiri, ni mtu wetu, ana watoto, nimwachie Mungu. Mungu nimemwachia. Na Mwanasheria Mkuu wa Ohio nimempelekea, na FTC, tume ya serikali kuu inayopokea malalamiko ya utapeli, nimeandika, na mkinisumbua na kusitiriana nitaweka hapa majina ya waliokuja. Mimi alinisitiri? Alinitazama nikimbebea halua!

Kuna mtu kaniuliza dalili. Haya, ingawa nikizitaja najiona mjinga zaidi. Jina na sahihi yake havimo popote, na fomu ina sehemu ya aliyekujazia kutia sahihi. Angekuwa wakili angejaza G-28 kujitambulisha kwao, hakuna. Namba ya risiti ya kweli ina herufi 3 na tarakimu 10, na unaiangalia mwenyewe bure kwenye tovuti yao. Yangu ina tarakimu 9, nami nilikatazwa kuangalia, eti ukiingia mara nyingi faili linarudi nyuma, na hiyo pia niliimeza. "Mwendo wa haraka" wa kulipia haupo kabisa kwa weva hii. Wenzangu walikuwa wakingoja zaidi ya miaka mitatu, yangu ilitoka kwa wiki tisa, badala ya kushtuka nikasema ni dua za mama. Pesa za mwisho zilikwenda kwa mkewe kwa Zelle, ile ya kutumiana pesa kwa simu, nikaambiwa niandike "mchango wa msiba". Daktari wa viza hupimwa kwake kabla ya mahojiano, yeye alisema watampima hapo hapo ubalozini. Kuna na mengine, nimechoka. Wa kukuhudumia mambo haya ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na wote wana orodha unayoweza kuitazama kabla hujatoa senti. Kusoma Yasini vizuri hakumo kwenye orodha hiyo.

Dada wa Westerville, sijui namba yako, anayeijua amfikishie. Nenda leo, usimpigie simu kwanza. Usikubali kahawa. Droo ya chini kushoto, ile inayokwama, ivute kwa nguvu, humo ndimo anamoweka pasipoti za watu. Na ukishapata ya mumeo, tafuta bahasha ya kaki yenye doa la kahawa. Ni cheti changu cha uraia, alinambia serikali inataka kile cha asili. Nichukulie.