Kaofisi ka kupima mawe Dodoma: nyota mbili na nusu, na lithiamu msiwaulize

Wadau habari za saa hizi. Jina la ofisi siweki maana sitaki kesi, ni kaofisi tu hapa mjini, meza moja, feni moja, mashine moja, na bango nje TUNAPIMA MADINI YOTE, LITHIAMU, DHAHABU, MAJIBU DAKIKA 5. Hilo neno "yote" ndo limenitoa usingizini nikaandika.

Iko hivi. Bamdogo ana shamba upande wa Hombolo, kuna mkanda wa jiwe jeupe umekatiza kwenye matale, yale mawe ya graniti ambayo sisi wa Dodoma tumejenga juu yake, na ndani ya mkanda kuna ulanga wa zambarau, ukiubandua kwa ukucha unatoka karatasi karatasi, rangi kama juisi ya zabibu iliyozidiwa maji. Dalali akaja, mzee hiyo lithiamu hiyo, tuandikishane haraka. Mi nikasema hapana, kwanza tukapime.

Mapokezi sina neno. Kijana ana heshima, shikamoo mzee, karibuni mkae, elfu 30 kwa jiwe na risiti unapewa. Shida ni upimaji. Wanatumia ile bunduki ya eksirei, imekaa kama drili, anaigusisha kwenye jiwe sekunde 20 namba zinatokea kwenye kioo. Jiwe halijapigwa hata brashi, bado lina udongo wa shamba, na kipande kidogo akakishika kwa vidole huku anapiga, mkono wake uko nyuma ya jiwe kabisa!! Dogo hiyo ni eksirei sio tochi. Nikamwambia, akacheka.

Majibu: lithiamu haipo. Bamdogo hakuongea kitu njia nzima mpaka tunashuka kwenye daladala. Kesho yake dalali kapiga simu, sijui alisikia wapi, sasa anataka shamba kwa bei ya gunia za mahindi.

Aliyetuokoa ni binamu yangu anasoma jiolojia UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Hata majibu hakuuliza, kauliza mlipimiwa na mashine gani? Nikasema bunduki, akashika kichwa. Kumbe ile mashine inapiga jiwe kwa eksirei halafu inasoma eksirei ambazo kila elementi inarudisha, sasa lithiamu ni nyepesi mno, ya 3 kwenye lile jedwali la kemia, kinachorudi ni dhaifu hadi kinaishia njiani kabla hakijaingia kwenye mashine. Beriliamu nayo hivyo hivyo. Yani ungewapelekea spodumini tupu, ambayo kwa hesabu ina asilimia 8 ya oksidi ya lithiamu, wangekuandikia haipo na elfu 30 yako imeenda. Zipo bunduki nyingine za leza zinazoiona lithiamu, ila wao hawana.

Tukarudi wote watatu kuomba orodha nzima ya namba, na hapa nawapa haki yao, dogo aliprinti bila kinyongo wala kudai hela. Feldspa yetu, mojawapo ya madini ya ule mkanda: potasiamu asilimia 10, rubidiamu asilimia 0.4. Binamu akagawanya kwenye simu, 25, akamwangalia bamdogo akasema baba mdogo usiuze. Anavyosema yeye, graniti ikiwa bado uji wa moto huko chini, feldspa na ulanga wa kawaida vinaanza kuganda, lithiamu, siziamu, tantalamu na wenzao hawapati pa kukaa humo kwa hiyo wanabaki kwenye uji unaoisha, pamoja na maji, boroni na florini, na huo uji wa mwisho ndo unapenya kwenye nyufa unakuwa pegmataiti, fuwele kubwa kubwa. Rubidiamu inafanana na potasiamu ila ni bonge zaidi, nayo inazidi kuongezeka kadiri uji unavyopungua, ndo maana ukigawa potasiamu kwa rubidiamu namba inashuka, na kwenye feldspa ikifika chini ya 30 wajiolojia wanaanza kuchangamka. Yani dalili tulikuwa nayo kwenye mashine yao wenyewe siku ile ile, hakuna aliyeisoma.

Na ile zambarau nayo msiiamini sana, rangi ni ya manganizi, ulanga unaweza kuwa wa kijivu na una lithiamu vizuri tu.

Mwisho tukapeleka ulanga maabara kubwa, wale wanaosaga unga wanayeyusha kwa peroksidi ya sodiamu ndo wanasoma. Bei imechangamka na tulisubiri wiki tatu. Ulanga: oksidi ya lithiamu asilimia 3.4. Feldspa: karibu na sifuri. Msinijie inbox kununua, huo ni ulanga tuliochambua kwa mkono, sio mkanda mzima, pale katikati ni kwatsi tupu, lile jiwe gumu kama kioo. Sasa hivi tunachimba mtaro kuukata mkanda kwa upana tuchukue sampo kila mita, mgongo unaniuma hapa ninapoandika.

Sasa nani aende pale? Kama una jiwe jeusi zito unahisi ni tantalaiti, yale madini yenye tantalamu, nenda, tantalamu, niobiamu na bati bunduki inaziona, na itakuokoa na aibu ya kuhangaika na tomalini nyeusi kama wanavyofanya wengi. Ila saga kwanza jiwe lako uchanganye unga, maana kile kidirisha cha mashine ni kama ukucha tu, kwenye pegmataiti unaweza kupima fuwele moja ukadhani umepima jiwe. Ukitaka lithiamu ulizia maabara za kuyeyusha, makao makuu ya GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, yako hapa hapa Dodoma na wana maabara.

Nilimwomba bosi wao afute neno lithiamu kwenye bango. Akasema sawa kaka, wiki ijayo. Juzi nimepita, wamelipaka upya kwa rangi nyekundu.