Draivu ya DVD ya Mwanjelwa: mashine sina ugomvi nayo, yule kijana ndiye

Nianze na fulana. Kijana wa duka moja pale Mwanjelwa (duka silitaji) alichukua DVD yangu ya harusi ya kaka, akaipulizia pumzi, akavuta pindo la fulana yake akaanza kuisugua. Kwa kuzungusha! Kama anafuta sahani. Nikabaki namwangalia tu, mdomo wazi. DVD hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa sababu mkwaruzo wa kukatiza draivu huuvumilia, ila wa mzunguko unafuata njia ileile yenye data. Kijana anauza draivu na hilo halijui.

Nilifikaje kwake? Kompyuta yangu ya mezani ni ya siku nyingi. Trei ikigoma huwa nanyoosha kibanio cha karatasi, nachokonoa kale katundu ka mbele, inatoka. Lakini siku hizi CD za kwaya inasoma, DVD haitaki kabisa. Fundi akaniambia CD ina mwanga wake wa leza na DVD ina wake, mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki. Basi nikanunua draivu ya kuchomeka nje, Sh 45,000, nikapanda daladala kurudi Uyole.

Nikachomeka. Taa ikawaka, diski ikaanza kuzunguka, vuuuu, halafu tik! Kompyuta ikalia kama vile nimechomoa. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya kumi hivyohivyo. Kesho yake nikarudi dukani na mashine na diski.

"Mzee, diski yako imekwisha. Halafu siku hizi nani anaangalia DVD? Weka kwenye flashi."

Sasa niiweke kwenye flashi kwa kutumia nini, kama si hiyo draivu uliyoniuzia? Ndipo fulana ikafanya kazi yake.

Nilirudi nyumbani nimepania kuwaambia watu wote wa Mbeya wasikanyage pale. Jioni mpwa wangu akapita, akafungua boksi. "Mjomba, huu waya una vichwa viwili." Kimoja kilikuwa kimekunjwa na kufungwa na kamba ya plastiki, mimi nikadhani ni urembo. Kumbe tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na diski inapoanza kuzunguka hutaka zaidi. Akachomeka vyote viwili, tena nyuma ya kompyuta. Windows 10 haiji na programu ya kuchezea DVD, akaweka VLC. Ikacheza!

Niliona aibu, nisiwafiche. Mashine ni nzima, haina kelele, na mimi nilikuwa nimeshaitukana ukoo wake wote. Nikapanga Jumamosi niende kumwomba kijana radhi, ingawa hilo la vichwa viwili alipaswa kuniambia yeye.

Tukaendelea kutazama. Mvua ya Tukuyu, maturubai, watu na miavuli. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa harusi uko karibu na ukingo. Marehemu mama anasimama na vitenge mkononi aseme neno lake, picha inakatika vipandevipande, sauti inakwama. Tumejaribu kunakili mara tatu, inagoma palepale.

Draivu naipa nyota nne. Safari ya Jumamosi nimeiahirisha.