Mashine ya Mkono ya Kusaga Ringi za Pistoni: Je, Inawafaa Wanaojenga Injini za Turbo?

Mafundi wengi wanaofungua injini ya Subaru EJ20 yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hapa Mwanza hutoa kwenye boksi ringi mpya, yaani bangili za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, huzivisha pistoni na kufunga injini, wakiamini kwamba kiwanda kimekwisha kupima kila kitu. Kwa injini isiyo na turbo imani hiyo mara nyingi haina hasara. Presha ya turbo inapopandishwa, hata hivyo, ringi ya juu hupata joto zaidi na kutanuka, na kama nafasi kati ya ncha zake ni finyu, ncha hizo hugongana, ringi huikwaruza silinda, na pistoni yenyewe huweza kumeguka pale ringi inapokaa. Kwa sababu hiyo ringi nyingi za injini za kazi nzito huuzwa zikiwa ndefu kidogo, ili mjenzi azisage kulingana na kila silinda.

Mashine tunayoitumia gerejini kwetu, Nyakato, ni kibao cha chuma chenye gurudumu dogo la kusagia, mkono wa kuzungushia na pini mbili za kuegemezea ringi. Haihitaji umeme. Sifa yake kubwa ni kukata kidogo kidogo na kuacha ncha iliyonyooka, kazi ambayo kwa tupa iliyobanwa kwenye jiliwa huwashinda hata mafundi wenye mkono mwepesi.

Haikupi kipimo, na kwa maoni yangu ni afadhali hivyo, kwa kuwa kipimo cha kuaminika hupatikana ndani ya silinda tu: ringi inaingizwa, inasukumwa kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) inapitishwa kati ya ncha. Ikiwa mtengenezaji wa ringi hakutoa kipimo chake, wajenzi wengi wa injini za turbo za petroli huanzia kwenye kipenyo cha silinda mara 0.005. Silinda ya EJ20 ina milimita 92, hivyo ringi ya juu hupata takribani milimita 0.46. Ya pili huachiwa nafasi kubwa kidogo, kama 0.50, ili gesi iliyopenya isinaswe kati ya ringi mbili na kuinyanyua ile ya juu.

Kasoro zipo. Pini za mashine yetu zina mchezo, yaani zimelegea kidogo, kwa hiyo baada ya kusaga ni lazima ncha zibanwe pamoja na kutazamwa kwenye mwanga kama zinalingana. Maelezo yaliyokuja nayo hayasemi gurudumu lizungushwe upande gani, ingawa likikata kutoka ndani kwenda nje mipako ya molibdeni (aina ya metali) kwenye uso wa ringi humeguka. Likate kutoka nje kwenda ndani, kisha makali yaliyobaki yaondolewe kwa jiwe laini.

Gereji inayofunga injini za turbo mara kwa mara inunue. Mwenye gari moja aazime, lakini fila geji awe nayo yake.