Ukiinunua, angalia kwanza upande wa pili: "My Life in the Bush of Ghosts"

Nilipigwa changa la macho na muuzaji mmoja wa santuri za mitumba huko Uingereza. Tangazo lake lilisema ni toleo la kwanza, 1981. Shemeji yangu anayekaa Leicester akalipa pauni 25, akaibeba mkobani mpaka Mombasa. Nikaigeuza upande wa pili, nikashusha sindano, ikaanza "Very, Very Hungry". Papo hapo nikajua nimeliwa. Kwenye toleo la kwanza, upande huo unafunguliwa na kitu kingine kabisa.

Kwa asiyeijua, hii ni kazi ya Brian Eno na David Byrne wa bendi ya Talking Heads. Muziki wamepiga wao na wenzao, lakini sauti za mbele wameziokota: kwenye redio, kwenye mahubiri, kwenye santuri za watu wengine. Siku hizi kijana anakata sampo, yaani kipande cha sauti ya watu wengine, kwa simu akiwa kwenye matatu. Wale waliwasha mashine mbili za tepu, moja ina muziki, nyingine ina sauti, wakabahatisha mpaka zikakubaliana. Mimi ni fundi wa amplifaya na nimezishika sana tepu hizo. Ukichelewa kubonyeza kidogo tu, unarudisha yote mwanzo. Ndiyo maana "Help Me Somebody" hainichoshi: Mchungaji Paul Morton anahubiri New Orleans, anavuta pumzi, gitaa linamdakia, utasema walikuwa chumba kimoja.

Wimbo wangu lakini ni "Regiment". Anayeimba ni Dunya Yunis, mwanamke wa milimani Lebanon, na besi inatambaa chini yake polepole kama mtu anayemfuata kwa heshima. Mama alipita dukani akasimama mlangoni. "Huyu Mmisri?" Nikamwambia Mlebanoni. "Basi mbona hawamwachi amalize?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kweli wanamkatakata.

Sasa hicho kitu kingine. Toleo la 1981 lilikuwa na wimbo uitwao "Qu'ran": Waislamu wa Algeria wanasoma Kurani, ngoma na sinthesaiza zinapita chini. Niliusikia kwenye sidii ya 1986 niliyoazimwa, yenye nyimbo zote mbili, huo na "Very, Very Hungry". Niliiweka dukani bila kufikiri. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja redio yake aliinua kichwa.

"Mwanangu, hiyo umeitia ngoma wewe?"

"Si mimi, mzee. Ni Wazungu."

"Basi izime, wasije wakakuhesabia wewe."

Nikaizima. Mimi mwenyewe nimekalia mkeka wa chuo, najua kisomo si cha kuchezeshwa mabega. Baraza la Kiislamu la Uingereza nalo lililalamika, na kwenye toleo la 1982 wimbo ukaondolewa, ikawekwa "Very, Very Hungry". Toleo la 2006 liliongeza nyimbo saba, lakini huo haukurudi.

Mwenzangu wa dukani, Mkristo, akaniuliza: mbona yule anayetoa pepo kwenye "The Jezebel Spirit" wamemwacha? Swali la haki. Nilimwambia kwamba pale palikuwa pawekwe sauti ya mhubiri Kathryn Kuhlman, waliosimamia urithi wake wakakataa, naye akatolewa kabla santuri haijauzwa. Kuhangaikia ruhusa kuliichelewesha santuri hii, hata "Remain in Light" ya Talking Heads, iliyoanzwa baadaye, ikatoka mbele yake, Oktoba 1980. Kwa hiyo Wakristo walisikilizwa kabla, sisi baada.

Sisikitiki kwamba kisomo kimeondolewa. Ila santuri imepungukiwa, na kusema vingine ni uongo. Upande wa kwanza unaishia kwa mwanamke anayepungwa pepo New York, mtoa pepo anacheka, unahema. Ukigeuza ulikuwa unakutana na kisomo, halafu waimbaji wa Moving Star Hall wa "Moonlight in Glory". Sasa katikati pana wimbo wa kujazia pengo, wa kusikiliza huku unaosha vyombo. Kinachoniudhi kuliko zile ngoma ni jambo jingine: Morton ana jina lake, Dunya Yunis ana jina lake, wasomaji wa Kurani waliandikwa "Waislamu wa Algeria" tu.

Nyumbani napiga ya 2006. Zile saba za nyongeza nyingi ni mabaki ya studio. "Solo Guitar with Tin Foil" ni nzuri na fupi, nyingine ruka. Nne na nusu kwa tano.

Wewe unayetaka ya kwanza kwa ajili ya kumbukumbu, usiamini mwaka ulioandikwa kwenye tangazo. Mwambie muuzaji akupigie picha lebo ya upande wa pili, isomeke, kabla shemeji yako hajatoa pesa.