Kishikio cha gurudumu kwa trela la pikipiki: tuchague kipi kwa barabara zetu?

Ndugu watazamaji, habari za wakati huu, na karibuni uani kwangu hapa Tororo. Mbele yenu kuna trela langu dogo la ekseli moja la kubebea pikipiki, pikipiki mbili, Bajaj Boxer na Yamaha DT125, na vishikio vitatu vya gurudumu ambavyo nimevitumia kwa zamu. Kishikio ninachokizungumzia ni kile chuma kinachofungwa sakafuni mwa trela, ambamo gurudumu la mbele la pikipiki huingia na kubanwa. Msikichanganye na kabari au jiwe linalowekwa chini ya tairi la lori lililoegeshwa mlimani, kwa sababu kazi zake ni tofauti.

Jambo hili nalijali kwa sababu limewahi kunifika. Nilikuwa nampelekea shemeji yangu Boxer yake Kampala, na kishikio nilichokuwa nacho kilikuwa chuma kizuri kabisa, lakini fundi aliyenifungia alikikaza kwenye plaiwudi kwa skrubu za mbao. Tulipofika kwenye matuta ya msitu wa Mabira, nilikanyaga breki kwa ghafla, skrubu zikang'oka pamoja na vipande vya mbao, gurudumu likageuka upande, mikanda ikalegea, na pikipiki ikalala. Mkono wa klachi ulivunjika na tangi likabonyea. Nyuma yangu kulikuwa na matatu iliyojaa abiria, na namshukuru Mungu kwamba pikipiki ililalia ndani ya trela badala ya kudondoka barabarani.

Kwa hiyo nianze na kazi ya kishikio, kwa maana ndipo watu wengi wanapopotea. Kishikio kina kazi mbili tu safarini: kulizuia gurudumu lisiende mbele unapofunga breki, na kulizuia lisigeuke kulia wala kushoto. Kuisimamisha pikipiki wima barabarani ni kazi ya mikanda. Muuzaji akikuonyesha pikipiki iliyosimama yenyewe ndani ya kishikio bila mtu kuishika, amekuonyesha urahisi wa kupakia, na urahisi huo ni wa kweli, lakini usidhani kwamba amekuonyesha usalama wa safari.

Sasa tupime. Tairi la mbele la Boxer hii limeandikwa 2.75-17, yaani rimu ya inchi 17 na upana wa takriban milimita 70. La DT125 limeandikwa 2.75-21: upana ni uleule, lakini gurudumu ni kubwa zaidi. Vishikio vingi vinavyotoka nje vimetengenezwa kwa kufikiria pikipiki nzito za barabara kuu, ambazo tairi lake la mbele kwa kawaida lina milimita 120. Tazameni nikiingiza Boxer kwenye hiki cha kwanza, chenye pande zisizorekebishika. Kila upande unabaki uwazi unaoweza kupitisha kidole gumba changu. Nikiusukuma usukani, gurudumu linagonga huku na huku kama mchi katika kinu kipana, na kila linapogonga, mkanda mmoja unakaza na mwingine unalegea. Katika kilomita chache za barabara ya murramu, mkanda uliolegea hivyo unaweza kuchomoka kwenye ndoano yake. Kishikio hiki kinamfaa mwenye pikipiki kubwa. Kwa mwendesha boda boda sikipendekezi hata akipewa bure, isipokuwa kama fundi atachomelea vibao vya chuma ndani kupunguza ule uwazi.

Cha pili ni kile chenye kitanda kinachobembea. Unaisukuma pikipiki, gurudumu linapanda kitandani, na likivuka katikati, kitanda kinainama mbele na kulishika tairi kwa nyuma, huku upinde wa mbele ukilizuia. Nimepakia DT125 peke yangu, bila kijana wa kunishikia usukani, na nikapata nafasi ya kufunga mikanda kwa utulivu. Acebikes wa Uholanzi na Condor wa Marekani wanatengeneza vya namna hii. Hiki changu kina matundu ya pini ya kukisogeza kulingana na ukubwa wa gurudumu, na hapo ndipo panapohitaji umakini: nilipoiacha pini kwenye nafasi ya inchi 21 na kuingiza Boxer ya inchi 17, kitanda hakikuinama vizuri, na ukingo wa upinde ukagusa madigadi. Madigadi ya Boxer imekaa karibu sana na tairi, basi kabla ya kulipa, chuchumaeni mtazame pale juu, kisha mtazame kwenye kitovu cha gurudumu, ili waya wa breki usibanwe na chuma.

Cha tatu kimechomelewa kwa vipimo vyangu, na nakiri kwamba ndicho kilichonifurahisha zaidi. Kina mabomba mawili yanayokaribiana kadiri yanavyokwenda mbele, hivi kwamba gurudumu linajikaza lenyewe linapoingia, pamoja na upinde mmoja wa mbele. Mafundi wetu wa Katwe kule Kampala, na wa miji mingine pia, wanaimudu kazi hii bila shida. Nendeni na pikipiki yenyewe, si na kipimo cha kichwani. Mwambieni fundi alainishe kingo zote kwa msasa, kwa kuwa chuma chenye ncha hukata ubavu wa tairi. Hakibembei, hivyo wakati wa kupakia mnahitaji mtu wa pili, lakini kwa anayesafirisha pikipiki ya aina moja kila mara, kinatosha kabisa.

Chochote mtakachochagua, kifungeni kwenye fremu ya chuma ya trela. Mimi sasa natumia bolti nne za milimita 12 zinazopita katika sakafu hadi kwenye bati nene la chuma lililochomelewa kwenye fremu, na nati zake ni zile zenye plastiki ndani, zisizofunguka kwa mtikisiko. Hapa sitaki tubanie pesa. Kishikio cha bei nafuu kilichofungwa kwenye fremu nakiamini kuliko cha gharama kubwa kilichofungwa kwenye plaiwudi.

Kuhusu mikanda nitasema kwa ufupi. Tumieni minne, miwili mbele na miwili nyuma, ikivuta chini na kwenda nje kwa pembe. Ya mbele ipitisheni kwenye kile chuma kinachoshika shokapu chini ya usukani, si kwenye mipira ya mikononi. Kazeni mpaka shokapu zishuke kiasi, lakini msizikandamize mpaka mwisho, maana sili za oili zitaumia. Stendi ya pembeni ikunjwe. Kamba za tyubu ni nzuri kwa kufunga ndizi na magunia. Kwa pikipiki hazifai, kwa sababu zinavutika.

Kwa anayeuliza anunue kipi: mwenye Boxer moja achomelewe cha kwake, anayesafirisha pikipiki za aina mbalimbali, au anayepakia peke yake, agharimie kile kinachobembea na ajifunze kuisogeza pini. Mimi nimekifunga hicho kwenye trela, na kesho asubuhi naipeleka DT125 Mbale. Nikishafika kilomita 20 za kwanza nitasimama pembeni, nishike kila bolti na kila mkanda kwa mkono, ndipo niendelee.