Matembezi ya kijito Amani: nyota nne, na ombi moja kwa waongozaji

Ukienda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kule Muheza, usiishie kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Omba waongozaji wa kijijini wakupitishe kijitoni. Mimi ni mwalimu wa biolojia Tanga mjini, na nimekwenda na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Hela tuliyolipa haikupotea bure.

Mwongozaji wetu ni mzee wa makamo, mzaliwa wa huko huko juu, na ana macho ambayo sijui ameyapata wapi. Vijana walikuwa wakitazama majani, yeye akawaonyesha kinyonga wa pembe tatu aliyejibana kwenye tawi jembamba. Kwenye jabali lenye kivuli, linalodondoka maji mwaka mzima, akatusimamisha: yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya huyapanda kwenye vyungu vya madirishani yalikuwa yameota pale, yakiwa kwao. Yalichukuliwa milima hii ya Usambara miaka ya 1890 na afisa wa Kijerumani, Saint Paul, ndiyo maana wataalamu waliyaita Saintpaulia. "Mwalimu, waambie watoto wasishike mwamba," akaniambia, "hapo pana watoto wa chura."

Ni kweli, walikuwepo. Ni viluwiluwi wa chura wa mitoni aitwaye kitaalamu Arthroleptides martiensseni. Hawaogelei dimbwini kama wale wa mjini. Hujigandisha kwenye mwamba unaorushiwa maji, wakila utando unaoota juu ya jiwe. Hapo ndipo nilipotamani kila mtu anayesema "ni shimo dogo tu la dhahabu" angekuwa na sisi. Mchimbaji akipasua ukingo wa kijito na kuosha mchanga kwenye karai, tope linashuka na kuufunika ule utando. Kiluwiluwi anakosa chakula na mahali pa kushika. Kaa wa mto wanazibiwa mapango. Na chura huyu makao yake hayavuki sana milima hii. Akiisha hapa, hatuna pa kumwazima.

Safu hii ya milima imeshaonja balaa hilo. Mwaka 2003 na 2004 watu walifurika Usambara Mashariki kutafuta dhahabu, eneo la Sakale likiwa mojawapo, wakachimba kwenye vijito ndani ya misitu hadi Serikali ikawaondoa. Mzee anakumbuka maji yalivyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Siwalaumu wachimbaji kwa kutafuta riziki, kwa sababu kilimo cha milimani hakimlishi kila mtu. Lakini mlima huu si duara, yaani shimo la wachimbaji, la kwenye pori kavu. Maji yake yanaingia Mto Zigi, yanakusanyika bwawa la Mabayani, na ndiyo tunayoyakinga bombani Tanga. Wanafunzi wangu hawakuwa wakijua, na walinyamaza kweli walipoambiwa.

Nyota ya tano nimeibakiza kwa sababu hii. Habari ya uchimbaji ilitolewa mwishoni, haraka haraka, jua likishuka, na mzee akamalizia kwa kusema kwamba tope likishatuama, kijito kimepona. Nilimwambia kwa heshima, na hapa narudia: maji meupe si lazima yawe maji salama. Wachimbaji wadogo wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki haiozi. Inazama kwenye matope ya chini, vijidudu vya humo vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, kisha inapanda: kwa wadudu wa majini, kwa samaki, kwa mdiria na fisi maji wanaokula samaki hao, na kwa mama mjamzito anayenunua kitoweo cha mtoni. Huwezi kuiona, wala haina harufu. Mgeni akiondoka akiamini kwamba kutakata ndiko kupona, atakuwa amefundishwa vibaya kuhusu jambo lililo kubwa kuliko kinyonga.

Ombi langu: habari hii iletwe pale pale kwenye mwamba wa viluwiluwi, mchana kweupe, kila mtu akiwa bado ana nguvu za kuuliza. Mzee alinisikiliza vizuri, akasema atawaeleza wenzake.

Kwa wanaokwenda: vaeni viatu vyenye meno, njia inateleza hata kama haijanyesha. Suruali ndefu, na soksi juu yake. Mabasi ya kupanda kutoka Muheza ni machache, kwa hiyo ulizieni stendi mapema au mkodi gari kwa kundi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali; malipo ya mwongozaji mpatane kabla ya kuanza. Na msioge na sabuni kijitoni, tafadhali.